Harufu ya Dawa ya Nywele

Kazi yangu ni kuomba watu mkojo. Nikiulizwa harusini au kwenye foleni ya benki husema mimi ni mtafiti wa afya ya uzazi, na watu huitikia kwa heshima, lakini ukiyavua maneno hayo makubwa kinachobaki ni hicho. Naenda kwa mwanamke mzima, mwenye kazi yake na staha yake, namwomba akinge mkojo wake wa kwanza wa asubuhi, kabla hajagusa hata chai, aniletee kwenye kichupa. Humo tunatafuta mabaki ya kemikali: za dawa za kulainisha nywele, za manukato, za rangi za kucha, za plastiki tunazofungia chakula. Baadhi yake zikiingia mwilini hujifanya homoni. Mwili huzifungulia mlango ukidhani ni wenyeji, nazo zikishaingia huanza kutoa amri, na amri hizo huenda zikafika mpaka kwenye tumbo la uzazi.

Sasa Temeke si mahali pa kwenda kuomba mkojo. Nimezaliwa huko, nililijua hilo, na bado nilikwenda kichwa kichwa. Kwetu kitu kilichotoka mwilini si uchafu tu. Mkojo, kucha, nywele, kikiangukia mikononi mwa mwenye nia mbaya umekwisha. Ndiyo maana kwenye saluni zetu utamwona mteja amesimama juu ya kichwa cha msusi mpaka nywele zake zifagiliwe, azikunje kwenye karatasi, aondoke nazo kwenye mkoba. Halafu mie huyo, na koti jeupe na sanduku la barafu, nikawafuata wanawake wale wale nikitaka kitu wanachokificha kuliko nywele. Siku za mwanzo barafu yangu iliyeyuka bure. Msusi mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, bila kejeli, "Sista, kwani umekosa nini duniani?"

Mie hasira zangu ziko karibu. Kesho yake nilirudi na kichupa changu mwenyewe, kimejaa, nikakiweka katikati ya sanduku mbele ya macho yao. Nikawaambia haya, wa kwangu huu hapa, na ya kwenu ikae nao bega kwa bega. Kama ni kulogwa, tulogwe wote. Walicheka mpaka mtu akazima drayer ili asikie vizuri. Mmoja akasema mficha uchi hazai, mwingine akasema huyu kichaa hana madhara, na asubuhi iliyofuata vichupa vikaanza kuja, vimeviringishwa kwenye gazeti, vimefichwa chini ya vitambaa vya kichwa. Tangu hapo kila alfajiri ya kazi nakinga wa kwangu kwanza. Watoto wa mtaa waliniita Bi Mkojo. Sikuona vibaya, maana chuoni nimeshaitwa mabaya kuliko hilo.

Saluni ya kwanza kunikubali ilikuwa ya mdogo wangu, pale Tandika. Ni chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa, na dirisha lisilofunguka kwa sababu jirani alijenga ukuta wake ukaligusa. Mdogo wangu amekuwa msusi tangu alipomaliza shule. Dawa ya nywele ina harufu inayokaba koo na kuliza macho. Mteja huivumilia mpaka aoshwe, akaondoka, lakini msusi hulala nayo. Alipokuwa bado nyumbani, mama alikuwa anajua amerudi kabla hajapiga hodi. Angeinua pua kutoka kwenye sufuria akasema, "Mwenzenu kaja," na kweli, baada ya muda mlango unafunguka.

Mdogo wangu alipoteza mimba ya kwanza ikiwa changa sana. Ya pili ilikuwa imeshaanza kucheza. Wakwe zake ni watu wa Msasani, wale wa asili, waliokuwapo kabla ya mahoteli. Nyumba yao bado ipo, imebanwa kati ya ukuta wa mgahawa na ukuta wa ghorofa, na mama mkwe hukaa barazani pale kama anayeilinda wasiihamishe. Mimba ya kwanza ilipotoka, mama mkwe alisema ni kijicho. Ya pili ilipotoka alisema ni chango, maradhi ya tumbo la uzazi. Mdogo wangu akanyweshwa mizizi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, akanyweshwa kombe la aya zilizoandikwa zikaoshwa, akapelekwa kwa mtu aliyesema yupo jini mwanamume anayemtaka na hapendi apate mtoto na binadamu. Nilivumilia kusikiliza yote. Kilichoniudhi ni kwamba dawa zote hizo zilikuwa na mgonjwa mmoja. Hakuna aliyemchemshia shemeji yangu hata jani.

Huwa nasema kwenye mikutano kwamba sikuanza utafiti huu kwa ajili ya mtu yeyote wa familia yangu. Huo ni uongo. Nilimkuta mdogo wangu amelala kwa mama baada ya ile mimba ya pili, amegeukia ukutani, na chumba kizima kinanuka dawa ya nywele ingawa hakuwa ameshika kichwa cha mtu kwa siku kadhaa. Ilikuwa imeshaingia kwenye nguo, kwenye mto, sijui na wapi kwingine. Mimi nina watoto wawili, niliwapata bila hata kuwaomba. Nilikaa pembeni ya kitanda kile nikaona haya kuwa nao.

Mimba ya tatu aliniambia kwa njia yake. Ilikuwa asubuhi, nimepita saluni kuchukua vichupa, akanipa cha kwake akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Huu uangalie vizuri, dada. Tupo wawili humo."

Nilitaka kumkumbatia lakini palikuwa na wateja, na mimba changa haishangiliwi mbele ya watu. Nikajifanya napanga barafu. Wateja walipopungua akaniuliza kwa sauti ya chini kama aache kupaka dawa.

"Acha," nikamwambia. "Suka, osha, funga vilemba, fanya mengine yote. Dawa acha mpaka ujifungue."

"Umeona nini kwenye mikojo yetu?"

"Majibu bado. Vipimo vinafanyika nje, vitachukua muda."

"Sasa umejuaje?"

"Sijajua. Naogopa tu."

Kuogopa kwangu kulimtosha. Siku ile ile alishusha makopo ya dawa kwenye rafu, na kila aliyetaka kulainishwa akamwelekeza saluni ya mbele. Wateja walinuna, wengine hawakurudi. Mie nikamletea boksi la glavu na barakoa, nikamwambia hata kwa shampuu avae. Alikuwa akivaa kwa utii wa kuchekesha, mikono juu kama daktari wa upasuaji. Rajabu yote ikapita hivyo, tumbo likashika, naye akaanza kula maembe mabichi kwa pilipili mpaka mama akalalamika kuwa mjukuu atazaliwa na ukali.

Ikaingia Shaabani. Asiyekaa nasi hajui Shaabani ilivyo. Ramadhani inakuja, kila mwenye binti anataka amwozeshe kabla ya mfungo, na Dar es Salaam nzima inageuka harusi. Mwaka ule aliolewa wifi yake, binti wa mwisho wa Msasani, na mama mkwe akatuma neno kwamba bibi harusi atatengenezwa na mke wa kaka yake. Mdogo wangu akamtuma mumewe akaseme kwamba hali yake hairuhusu, watafute mtu mwingine, yeye atasimamia. Jibu lilirudi haraka. Mwari wetu akashikwe kichwa na mtu baki, na mke wa kaka yake yupo? Watu watasemaje? Na mimba tangu lini ikawa ugonjwa?

Nilimwambia akatae. Akaniangalia jinsi anavyoniangalia nikizungumza mambo ya vitabuni.

"Dada, wewe hukai nao. Mie nina mimba mbili zilizotoka. Nikikataa kumpamba binti yao, watasema nimeingia na hasadi kwenye harusi."

Basi tukaenda wote Msasani. Niliingia kama msaidizi wake, na kwenye mkoba wangu nina glavu. Mwari alikuwa amewekwa ndani kwa siku kadhaa, hatakiwi kuonwa na jua wala na jicho la mtu, kwa hiyo dirisha lilifungwa na juu yake zikatundikwa kanga. Chetezo cha udi kinafuka kwenye kona. Wanawake wa ukoo wamejaa mle ndani, na kila mmoja baada ya bibi harusi anataka na yeye kichwa chake kiguswe, shangazi, binamu, mama mdogo, na mwisho mama mkwe mwenyewe. Nilifungua dirisha mara moja, kidogo tu. Mkono wa mtu ukalifunga bila hata kuniuliza.

Mdogo wangu akavaa glavu, akachota dawa, akaisogeza kwenye kichwa cha bibi harusi. Hapo ndipo kelele za chumba zilipokatika. Mama mkwe aliinuka alipokuwa amekaa.

"We mtoto! Mnampamba au mnamwosha?"

Nilichelewa kuelewa. Mdogo wangu alielewa papo hapo. Kwetu, mwanamke unayemwona amevaa glavu ameinama juu ya mwanamke mwenzake aliyelala kimya, huyo anaosha maiti. Wale mama wote mle chumbani walishawahi kuosha, walishavaa glavu hizo hizo nyeupe za boksi. Kumgusa nazo bibi harusi, siku yake, kwenye kichwa chake, ilikuwa ni kumtangulizia kifo. Bibi harusi mwenyewe akakivuta kichwa chake pembeni. Hakuna hotuba ya kisayansi ambayo ingesimama mbele ya jambo kama hilo. Mdogo wangu akazivua glavu, akazikunja, akazitia mfukoni mwa dera lake. Akaomba radhi kwa kila mtu mle ndani. Kisha akachota dawa kwa mikono mitupu, akafanya kazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikapita, kichwa baada ya kichwa, katika moshi ule, na alipomaliza wote wakampigia vigelegele. Kwa kweli bibi harusi alipendeza. Mama mkwe alijitazama kwenye kioo, akajishika nywele zilizolala kama uzi, akasema mkwe wake ana mkono.

Ramadhani haikufika kati. Mama alinipigia simu asubuhi, akasema njoo tu. Nilitoka Kimara, Ubungo palikuwa pamefunga kwa foleni, nikashuka nikatembea, nikapanda daladala nyingine, na muda wote nilikuwa najua. Nilipofika yalikuwa yameshakwisha. Mama alikuwa amekifunga kile kiumbe kwenye kitambaa cheupe, na mjomba wetu akaenda kukizika kimya kimya, kwa sababu hakikuwa kimefikia kusaliwa wala kupewa jina. Nyumba ikafagiliwa. Majirani waliopita kuuliza hali waliambiwa ana malaria. Hata mimi niliambia watu malaria.

Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, macho yapo darini: "Ni ile siku?"

Nikamwambia sijui. Nilidhani namhurumia.

Majibu ya maabara yalirudi baada ya Idi ya kuchinja. Utaratibu wetu ni kwamba tukishapata majibu tunarudi kwa waliotupa mikojo yao, tunawaeleza kwa lugha wanayoielewa kabla ya kwenda kuyasema kwingine. Mimi nauamini sana utaratibu huo. Mtu amekupa mkojo wake, stahili yake ni kujua umekuta nini. Tuliomba uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, tukakodi viti na turubai, na wasusi wakaja wamependeza kama wanakwenda kwenye kitchen party.

Mdogo wangu alifanya jambo ambalo hakuniambia. Alikwenda mwenyewe Msasani kumwalika mama mkwe wake. Nilipomwona yule mama ameketi mstari wa mbele, ushungi wake wa hariri, mkoba mapajani, nikamvuta mdogo wangu pembeni nikamuuliza kuna nini.

"Nataka asikie kwa masikio yake," akasema. "Asikie kuwa sina chango. Asikie kuwa sina jini. Akisikia kwako na kwa watu wa chuo, ataniacha nipumue."

Macho yake yalikuwa yaking'aa kwa furaha. Tangu Ramadhani sikuwa nimemwona hivyo. Nikaenda mbele nikazungumza, na nilizungumza vizuri, niseme ukweli, maana nilikuwa nazungumza kwa ajili yake. Nikaeleza kwamba kwenye mikojo ya wasusi tumekuta kemikali hizi zaidi kuliko kwa wanawake wasiofanya kazi hiyo. Nikaeleza kuhusu vyumba visivyo na hewa na mikono mitupu. Kuhusu mimba nikasema tumeona dalili, si jibu; kwamba kwa kundi unaweza kusema jambo, lakini kwa mtu mmoja huwezi kusema mimba hii ilitoka kwa sababu hii. Nikasema mara mbili kwamba si kosa la mtu. Kazi ya kuangalia kinachotiwa kwenye makopo yale ni ya wanaoyatengeneza na wanaoyaruhusu kuingia nchini.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akasimama.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie elimu. Nimekuelewa vizuri sana. Kumbe hawa mabinti wanaharibu mimba zao wenyewe, kwa mikono yao, wakituacha sie tunahangaika na waganga."

"Hapana, mama, sikusema hivyo."

"Umesema vitu hivyo vimo miilini mwao."

"Ndiyo, lakini..."

"Nani kavitia? Jini?"

Uwanja ukacheka. Hata wasusi walicheka, kile kicheko cha mtu anayeogopa kuachwa peke yake. Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho nikamwona amesimama kwenye nguzo ya turubai, uso umemshuka. Nilitaka kusema kwa kipaza sauti kuhusu chumba cha Msasani, dirisha, glavu, na nywele zile zilizolala kama uzi chini ya ushungi wa hariri. Alitikisa kichwa. Nikamwita muulizaji anayefuata.

Nyani haoni kundule, nilijisemea, na kwa siku mbili nilimchukia yule mama kwa raha. Lakini chuki ilipopoa nikaona kitu kilichonikosesha usingizi. Chango halina kosa. Hakuna anayeomba kuwa na chango. Jini huja mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa ameishi na maadui waliomwonea bila yeye kufanya lolote, na watu walikuwa wanamwonea huruma, japo huruma ya kusengenya. Mie nikaja na elimu yangu nikawafukuza wote wale, na mahali pao pakabaki mikono yake.

Haikupita muda wakwe wakaja kwa mama, Temeke, alasiri. Walikuja mama mkwe, shemeji yangu, na baba mkubwa wa shemeji, mzee mwenye kofia ya vito na sauti ya taratibu. Tukawaamkia, tukawapa juisi, tukaulizana hali za nyumbani. Kisha mzee akageukia kwangu. Hakumgeukia mdogo wangu, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka karibu na miguu ya mama.

"Wewe ndiye msomi wetu," akasema. "Sie hatukuja kugombana. Tumekuja kuuliza ili tujue pa kushika. Mimba hizi tatu zimetolewa na saluni, au siyo? Kama ni saluni, aifunge leo, tuombe Mungu, yaishe. Kama siyo, basi kuna jambo ndani yake. Hatutamwacha, lakini kijana itabidi aoe mwingine apate watoto, na huyu aendelee kutibiwa."

Shemeji yangu alikuwa anaangalia glasi yake. Sitamtukana. Ni mtu mpole, na upole wake ndio uliotufikisha pale.

Nikaona njia mbili tu mbele yangu. Nikisema ni saluni, mdogo wangu atabaki na mume wake na hatakuwa na mwenzie, ila atakuwa ameua wanawe watatu, na atakumbushwa kila siku ya maisha yake. Nikisema siyo, nitakuwa nimelirudisha jini. Na ukweli haukuwa kwenye njia yoyote kati ya hizo.

"Sijui, baba," nikasema. "Si kwamba nawaficha. Hakuna anayeweza kujua kwa mtu mmoja. Huenda ni dawa, huenda siyo. Na kama ni dawa, basi na sie tuliokuwa kwenye kile chumba siku ya harusi tumo."

Mama mkwe akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona ujeuri ndani yake.

"Unasema nimemuua mjukuu wangu?"

Ningeweza kumjibu ndiyo, na sehemu ya moyo wangu ilitaka sana. "Sijui, mama," nikasema. "Hilo pia sijui."

Akaziba mdomo kwa ncha ya ushungi. Mzee akamaliza juisi yake, akaweka glasi chini.

"Basi kama hujui," akasema bila ubaya wowote, "itabidi tufanye tunachokijua."

Wakaaga. Shemeji alisita mlangoni, akamwangalia mke wake, akaondoka na wazee wake.

Tulibaki watatu. Mama alianza kukusanya glasi. Mdogo wangu alikuwa hajaondoka kwenye mkeka.

"Kwa nini hukusema ni mimi?" akaniuliza.

"Kwa sababu sijui kama ni wewe."

"Ungesema tu, dada. Wangenisema, wangechoka. Mie ningefunga saluni, ningejua nimeacha kitu na Mungu ameona nimekiacha. Sasa niache nini? Umesema zimo kwenye dawa, zimo kwenye manukato, zimo kwenye mfuko wa chapati. Niache kula? Niache kuvuta pumzi? Niambie cha kuacha niache!"

Nilimshika bega, akautoa mkono wangu, na hapo akalia. Sijawahi kusikia mtu wa kwetu akilia vile kwa mimba iliyotoka. Kiumbe kisicho na jina hakililiwi hadharani. Mama mtu hujikaza, huambiwa utapata mwingine. Yeye alilia kwa sauti kubwa, ya watatu kwa pamoja, kichwa kimelala kwenye mkeka, na mama akawa anasema shii, shii, mwanangu, majirani, huku glasi zinagongana mikononi mwake.

Na majirani walisikia. Sauti ya namna ile mtaani kwetu ina maana moja. Hawakupiga hodi. Waliingia wamejifunga kanga haraka haraka, mmoja mikono yake ina unga, wakasimama sebuleni wakitutazama mmoja mmoja kuona nani hayupo.

"Jamani, nani?" akauliza yule wa nyumba ya jirani. "Nani katutoka?"

Nilimwangalia mama. Nilijua atasema malaria, atasema kichwa kinamuuma, atawashukuru awatoe. Mama aliziweka glasi mezani. Akajifuta mikono kwenye kanga yake, polepole, mmoja mmoja.

"Mjukuu wangu," akasema. Kisha akasema tena, "Wajukuu zangu. Watatu."

Hakuna aliyeuliza lini. Yule mwenye unga mikononi alivua ndala zake mlangoni, akaja akakaa chini karibu na mdogo wangu, akampakata kichwa. Wengine wakafuata. Mama naye akakaa, akajifunika kanga kichwani, akaanza kulia. Nikaenda chumbani kuleta mkeka mwingine, kwa sababu watu walikuwa wanazidi kuingia.